KUTEREMSHA GARI LA NYUMBANI KWA GHARAMA NDOGO

Siku ya Jumamosi, baada ya kazi za usafi kambini, koplo mmoja aliliegesha gari lake mbele ya nyumba, na mara vijana wakalizunguka. Lilikuwa Toyota Corolla la toleo la AE100, lile ambalo watu wa Uganda wamelipa jina la Kikumi. Juma lililotangulia lilikuwa limesimama juu kama wenzake wote. Sasa madigadi yalikuwa yameshuka hata yakafunika ncha za matairi, na kwa mbali mtu angedhani ni gari la mashindano.

"Afande, limependeza, sivyo?" koplo alimwuliza jirani yake, sajini mzee aliyetumikia miaka mingi katika gereji ya jeshi.

Sajini aliliwekea digadi mikono miwili akalikandamiza kwa uzito wake wote. Gari halikutikisika.

"Limependeza, Koplo," akajibu. "Lakini ulilipa kiasi gani, na limebakiwa na nafasi kiasi gani?"

Swali la kwanza koplo alilijibu kwa furaha. Alikuwa amelipa kidogo sana, kwa kuwa fundi wa kando ya barabara hakununua kitu; alikata springi tu. Swali la pili hakulielewa. Msomaji mpendwa, makala haya yanalishughulikia swali hilo la pili, maana ndilo linaloamua kama gari lililoteremshwa litaendelea kuwapeleka watoto shule na baba kazini, au litawaacha njiani usiku.

GARI HUBEBWA NA NINI

Kikumi hubebwa na nguzo nne, moja kwa kila gurudumu. Nguzo hizo ni za aina iliyobuniwa na mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940. Katika kila nguzo mna vitu viwili vinavyosaidiana. Cha kwanza ni springi, ambayo hubeba uzito na kuyapokea mashimo. Cha pili ni shokapu, chombo chenye mafuta ndani, ambacho huizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kupokea pigo. Juu ya shokapu hukaa kipande cha mpira kinachopokea pigo la mwisho, springi inapokuwa imebanwa kupita kiasi.

Baina ya mahali gari linaposimama na ule mpira pana nafasi, nayo ndiyo sajini aliyoiulizia. Tuseme gurudumu lina nafasi ya milimita 80 za kupanda. Ukiliteremsha gari milimita 50, zimebaki 30. Wakipanda watu watano, na mzigo ukatiwa nyuma, hizo 30 nazo huweza kwisha kabla gari halijaondoka. Kuanzia hapo gari halibebwi tena na springi. Hukaa juu ya mpira, na kila shimo huwa pigo la nyundo kwenye nguzo, kwenye bodi na kwenye migongo ya abiria.

FAIDA YAKE NI IPI

Si haki kusema kwamba kuteremsha gari hakuna faida. Gari likiwa chini, uzito wake pia huwa chini, na linapokata kona uzito hauhamii sana upande wa nje. Lakini yafaa kuipima faida hiyo. Ikiwa kitovu cha uzito kipo milimita 550 kutoka ardhini, nawe ukakishusha milimita 30, umepunguza kama sehemu moja kwa ishirini tu. Dereva wa mashindano huihesabu sehemu hiyo. Anayekwenda kazini hataitambua.

Tena faida hiyo ina mpaka. Mkono wa chini unaolishika gurudumu la mbele hutakiwa kulala karibu sawa na ardhi, au kuinamia kidogo upande wa gurudumu. Gari likiteremshwa mno, mkono huo huinuka upande wa gurudumu, na nguvu inayolipinda gari kwenye kona huongezeka badala ya kupungua. Ndiyo maana magari mengine yaliyoteremshwa kupita kiasi hulala zaidi kwenye kona kuliko yalivyokuwa hapo awali.

Tukumbuke pia barabara zetu. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, washindani hawakuyateremsha magari yao. Waliyainua, wakayafunga mabamba ya chuma chini ya injini. Gari la mashindano hushushwa kwa barabara ya lami na kuinuliwa kwa barabara ya changarawe. Askari naye aweza kupata uhamisho wakati wowote, na gari linalopita vizuri mjini Kampala laweza kutakiwa kesho yake kuipeleka familia, magodoro na sufuria katika kituo kisicho na lami. Kwa gari la kila siku, milimita 25 hadi 30 zatosha. Atakaye zaidi ya hapo yafaa awe na gari la pili.

NJIA RAHISI ZINAZODANGANYA

Njia iliyotumiwa na fundi wa koplo ni kukata springi. Wengi hudhani kwamba springi iliyokatwa ni ileile, ila fupi. Sivyo. Ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko yake inayofanya kazi. Springi yenye mizunguko 6, ikikatwa mmoja, hubakiwa na 5, na ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20. Shokapu ya zamani iliundwa kwa springi laini. Ikilazimishwa kuituliza springi ngumu, huchoka upesi na kuanza kuvuja mafuta. Kadhalika ncha iliyokatwa haikai vizuri katika kiti chake.

Hatari kubwa zaidi huonekana gurudumu linaposhuka. Springi fupi mno huwa imelegea, haijazi nafasi baina ya viti vyake viwili. Gari likiruka tuta na gurudumu likaning'inia, springi huweza kugeuka au kutoka mahali pake, kisha uzito ukirudi ikakaa upande.

Njia ya pili ni kuipasha springi moto kwa gesi ya kuchomelea mpaka inywee. Hii ni mbaya kuliko ya kwanza. Chuma cha springi hupewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa moto, kupozwa ghafula, na kupashwa tena kwa kipimo maalumu. Kikipashwa na fundi hata kikawa chekundu, sifa hiyo hupotea. Springi ya namna hiyo huendelea kushuka mwezi hata mwezi, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, au huvunjika.

Njia ya tatu ni kuifunga mizunguko kwa vibano vya chuma. Mizunguko iliyofungwa haifanyi kazi, kwa hiyo ugumu huongezeka kama katika kukata. Na kibano kimoja kikifyatuka katika mwendo, gari huinuka upande mmoja kwa ghafula.

NJIA YA GHARAMA NDOGO ILIYO SALAMA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Baba na mama wa nyumba na wakae pamoja, waandike gharama zote kabla ya kununua hata nati moja. Mambo yafuatayo yafuatwe kwa mpango wake.

Kwanza, gari likaguliwe. Bushi za mikono ya chini, bolijointi, ncha za sukani na vichwa vya nguzo vitazamwe. Kilicholegea kibadilishwe. Kuteremsha gari lenye bushi zilizokufa ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Pili, gari lipimwe. Lisimame mahali palipo sawa, matairi yakiwa na upepo wa kutosha, kisha upimwe urefu kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa digadi, kwa magurudumu yote manne. Usipime kutoka ardhini, kwa maana tairi lililoisha au lisilo na upepo litakudanganya. Baadaye ipakie familia nzima pamoja na mzigo wa safari, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili hukuonyesha nafasi ambayo gari hutumia likiwa limejaa, nayo usiiguse.

Tatu, zinunuliwe springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo lako hasa, zote nne kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Springi za namna hiyo zimepimwa ili zisilegee gurudumu linaponing'inia. Za mitumba zaweza kufaa na kupunguza gharama, ila zisiwe na kutu iliyokula chuma wala alama ya msumeno au moto, na za kulia na kushoto ziwe na urefu sawa zikisimamishwa juu ya meza.

Nne, ni shokapu. Hapa ndipo wengi hujaribu kubana fedha, na hapa ndipo wanapopoteza. Kwa milimita 25 hadi 30, shokapu mpya za kawaida zilizo imara huweza kutosha, mradi mwenye springi aseme kwamba zinafaa. Shokapu za zamani zilizochoka zisirudishwe. Kwa kuwa nguzo itafunguliwa hata hivyo, malipo ya fundi ni yaleyale. Ukizirudisha, utamlipa mara ya pili baada ya miezi michache.

Tano, kazi ifanywe na fundi mwenye kibana-springi kizima. Mafundi hodari hawakosekani. Mtaa wa Katwe mjini Kampala umesifika tangu zamani kwa watu wanaojua chuma. Lakini usikubali mtu afungue nati ya juu ya nguzo kabla springi haijabanwa barabara. Springi iliyobanwa ikifyatuka huweza kuvunja taya au kuua. Watoto wasikaribie, na gari likae juu ya vigingi vya chuma, si juu ya jeki peke yake. Bolti za bushi zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, ili mpira wa bushi usijikunje na kupasuka.

Sita, gari lipelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu, kazi ambayo mafundi huiita alaimenti. Gari likishuka, magurudumu hubadili pembe zake. Kwa kawaida vichwa vyake huinama ndani, na nyuso zake huacha kutazama mbele sawasawa. Asiyepima hula matairi kwa upande wa ndani, mahali ambapo jicho halifiki upesi. Taa za mbele nazo zirekebishwe, hasa ikiwa mbele na nyuma havikushuka kwa kipimo kimoja. Baada ya kilomita 500 nati zote zikaguliwe tena.

Ikiwa fedha hazitoshi kwa mambo hayo yote sita, basi yafanywe la kwanza na la sita, pamoja na shokapu mpya, na springi za kiwanda ziachwe zilivyo. Mwenye gari atashangaa. Uyumbaji kwenye kona na kelele alizodhani zinatokana na urefu wa gari, aghalabu hutokana na shokapu na bushi zilizochoka. Gari litakuwa juu, lakini litashika barabara kuliko lile lililokatwa springi.

KWA ASKARI WA BARABARANI

Askari anayekagua gari lililoteremshwa hahitaji vyombo vingi. Atazame upande wa ndani wa matairi kama umeliwa. Atazame chini ya madigadi kama pana alama za kusuguliwa na tairi. Aangalie ncha ya springi: ya kiwandani imemalizwa vizuri, iliyokatwa ina ukingo mkali au rangi ya buluu ya moto. Na gari likiinuliwa kwa jeki mpaka gurudumu lining'inie, springi ikitikisika kwa mkono, gari hilo halifai kuwa barabarani. Mwenyewe naye aweza kujikagua hivyo nyumbani kabla hajakaguliwa na mwingine.

YALIYOMPATA KOPLO

Mwezi wa tatu baada ya Jumamosi ile, koplo alifunga safari ya kwenda kwao, pamoja na mkewe, watoto watatu na gunia la sukari kwa ajili ya wazee. Kila mji mdogo njiani una matuta yake, na katika kila tuta gari liliburura tumbo. Jioni, kwenye kona, tairi la nyuma lilipasuka. Upande wake wa nje ulikuwa bado mzuri. Upande wa ndani nyuzi zilikuwa nje. Namshukuru Mungu kwamba hakukuwa na lori lililokuja mbele. Gari lilisimama nyasini, na mama akakaa kando ya barabara hata usiku wa manane, mtoto mchanga mgongoni, akingojea mumewe arudi na tairi la kuazima.

Waliporudi, mama alichukua daftari akaandika mwenyewe: matairi mawili, kasha la oili lililopasuka, shokapu mbili zilizovuja, springi nne za kununua upya, na malipo ya fundi. Jumla ilizidi bei ya kazi nzima kama ingefanywa ipasavyo tangu mwanzo.

Koplo alimpelekea sajini daftari hilo. Mzee alilisoma hadi mwisho, akalifunga.

"Sasa umelijibu swali langu la pili," alisema. "Kesho baada ya gwaride lete gari, tuanze na bushi."