Ukinunua printa, uliza bei ya wino kwanza

HUENDA unafikiria kununua printa ya nyumbani. Watoto wana kazi za shule za kuchapisha, nawe mwanafunzi wa chuo umechoka kupanga foleni kwenye saiba kila insha inapohitajika. Unafika dukani, unaona mashine ya bei nafuu na unaibeba. Lakini je, umeuliza bei ya wino?

Kampuni nyingi za printa huuza mashine kwa faida ndogo mno. Faida yao huja baadaye kupitia wino, ambao utaununua tena na tena. Ndiposa hazifurahii kumwona mteja akijaza upya katriji iliyokwisha au akinunua ya kampuni nyingine.

Kizuizi chao ni chipu ndogo iliyobandikwa kwenye katriji. Printa huikagua kwanza. Isipoitambua, hukataa kuchapisha hata kama katriji imejaa wino pomoni.

Mnamo Septemba 2016, wenye baadhi ya printa za HP aina ya OfficeJet waliona mashine zao zikikataa ghafla katriji za kampuni nyingine zilizokuwa zikitumika bila tatizo. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Ni programu iliyokuwa ndani ya printa ndiyo iliyofunga mlango. Baada ya malalamiko, HP iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vyema, na ikatoa programu ya kuondoa kizuizi hicho. Hata hivyo, haikuacha mtindo huo, na mnamo 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya Yuro milioni 10.

Kampuni hizi hujitetea kwamba wino duni huvuja na kuharibu mashine. Kuna ukweli hapo. Lakini mnamo 2022 chipu zilipoadimika duniani, Canon ililazimika kuuza katriji zisizo na chipu kwa baadhi ya mashine zake za ofisini. Iliwaelekeza wateja wake Ujerumani jinsi ya kupuuza onyo la mashine, ikiwahakikishia kuwa ubora wa uchapishaji hautapungua. Basi chipu ile ilikuwa ya nini?

Usichanganye mambo, lakini. Katriji ya kampuni nyingine inayouzwa kwa jina lake si ghushi. Ghushi ni ile inayojifanya kuwa ya kampuni fulani ilhali siyo, na kuiuza ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya 2008 dhidi ya bidhaa ghushi.

Ufanye nini basi? Kabla ya kulipa, uliza katriji inauzwa pesa ngapi na inachapisha kurasa ngapi, kisha gawanya upate gharama ya kila ukurasa. Soma maandishi yaliyo kwenye boksi. Printa nyingine huuzwa kwa sharti kwamba utatumia wino wa kampuni hiyo pekee. Ikiwa unachapisha sana, tafuta printa ya tangi, ambayo humiminiwa wino kutoka kwa chupa. Bei yake huwa juu mwanzoni, lakini kila ukurasa hugharimu kidogo. Na printa ikikuomba ruhusa ya kubadilisha programu yake, usikimbilie kukubali. Huenda ndiyo itakayokataa katriji uliyoinunua jana.

Mashine ni yako, umeilipia. Hakikisha utaweza kuilisha.