Mbuzi wa Kiama na Meza ya Bwana

Hebu, msomaji, fikiria nyumba moja ya Nyeri siku ya Jumapili. Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani. Baba ametoa mbuzi kwa wazee wa Kiama kia Ma, na sasa anaambiwa asikaribie Meza ya Bwana. Watoto wamfuate nani?

Mvutano huu haukuanza jana. Mnamo mwaka wa 1929, wamishonari wa Kiskoti kule Tumutumu na kwingineko waliwataka waumini waahidi kuikana tohara ya wasichana. Wengi walihama, wakajijengea shule na makanisa yao wenyewe. Kanisa la AIPCA lilizaliwa katika vuguvugu hilo. Miaka hiyo hiyo walitokea Akorino, wale wa vilemba vyeupe. Kiongozi wao, Joseph Ng'ang'a, aliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu mwaka wa 1934.

Kisha ukaja uamsho wa ndugu waliookoka, ulioanzia Rwanda na Uganda. Vita vya Mau Mau vilipozuka mwaka wa 1952, wengi wao walikataa kula kiapo, na baadhi waliuawa na watu wa kabila lao. Swali lilikuwa lile lile: Mkikuyu halisi ni yupi?

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Ngonya wa Gakonya alianzisha Hema ya Mungu Aliye Hai, akiwaita watu waombe wakielekea Kirinyaga. Serikali iliipiga marufuku mwaka wa 1990. Mungiki nao walidai kurejesha mila, lakini wakajulikana zaidi kwa umwagaji damu, wakaharamishwa mwaka wa 2002. Si ajabu basi mama akishtuka anaposikia mumewe anarudi kwenye mugumo.

Mwacha mila ni mtumwa, lakini si kila mila inafaa kushikwa: ukeketaji, kwa mfano, ni kosa kisheria. Tena jina la Ngai limo katika Biblia ya Kikuyu na katika sala za wazee pia. Kwa hiyo, mama, usiulize tu baba anamwita Mungu kwa jina gani. Muulize kwa upole: kule kwa wazee mnafundishwa nini? Nawe baba, jibu bila kuficha. Siri ndiyo inayobomoa nyumba, si mbuzi.