Kidole Kinapogonga: Kuupima Mkono Bila Kudanganywa na Chombo

Mzee anayeshuka kutoka Mgeta au Matombo kuja kutibiwa mjini Morogoro mara nyingi hafiki peke yake. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, huenda aliyemshika mkono ni mpwa wake. Ndiye anayeeleza kwamba mjomba siku hizi anatembea kwa hatua fupi, kijiko kinamtetemeka mkononi, na vifungo vya shati hufungiwa na wengine. Tabibu humwamkia mzee shikamoo, humketisha, kisha humwomba jambo linaloonekana kama mchezo wa watoto: agonganishe kidole gumba na kidole cha shahada mara kumi, kwa upana na kwa kasi awezavyo.

Si mchezo. Katika ugonjwa wa Parkinson, seli za ubongo zitengenezazo dopamini hufa polepole. Mapigo ya kwanza ya vidole huweza kuwa mapana, lakini yanayofuata hufifia, husita, na pengine hukwama. Tabibu huyapa alama kuanzia 0, yaani hali ya kawaida, hadi 4, yaani mgonjwa hawezi au anaweza kwa shida kubwa.

Umuhimu wa kipimo hiki rahisi ulidhihirika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipita katika jamii ya watu 161,071 na kuwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson. Asilimia 78 kati yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Walikuwa wakiishi na ugonjwa, na pengine wakiuita uzee.

Hata hivyo, jicho la tabibu lina mipaka. Anayetaka kujua kama dawa ya levodopa imemsaidia mgonjwa, au kama mdundo wa mkono umebadilika tangu mwaka jana, anahitaji chombo cha kurekodi. Hapo ndipo penye mtego. Mtu mwenye afya anapogonga meza kwa kidole, mara mbili kwa sekunde, mapigo yake hutofautiana kwa makumi machache tu ya milisekunde. Kibodi ya kawaida ya kompyuta husomwa mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Skrini ya simu huweza kuchelewa zaidi, na kila aina ya simu huchelewa kwa namna yake. Ucheleweshaji usiobadilika hauna madhara makubwa, kwa kuwa nafasi kati ya pigo na pigo hubaki ileile. Unaoharibu kazi ni ule unaobadilika kila mara: huzaa mtetemo ambao mgonjwa hana, na mtafiti huuandika kwa jina la mgonjwa.

Kwa hiyo swali hutangulia chombo. Anayetafuta upana wa mwendo wa vidole atafaidika na kamera, ingawa video ya picha 30 kwa sekunde huacha pengo la milisekunde 33 kati ya picha na picha. Anayetafuta mdundo anahitaji kihisio cha mgandamizo kilichounganishwa na kibao kidogo cha Arduino. Mfumo wa namna hiyo, Tap Arduino, ulielezwa na watafiti mwaka 2016, na gharama yake ni ndogo. Programu ya PsychoPy hutolewa bure. Kinasa sauti nacho kisidharauliwe: sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na mlio wa kuongoza ukirekodiwa pamoja na mgongano wa kidole katika faili moja, vyote viwili hufuata saa moja.

Kwa zahanati za milimani, ambako mvua hukata barabara na umeme si wa kutegemewa, chombo bora ni kile kinachotumia betri, kinachohifadhi takwimu bila intaneti, na ambacho fundi wa mjini anaweza kukitengeneza. Kabla ya mgonjwa wa kwanza, kijaribiwe: kidole kigonge, kinasa sauti kisikilize, na saa mbili zilinganishwe. Baada ya hapo chombo kisibadilishwe katikati ya utafiti.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aseme saa aliyomeza dawa mara ya mwisho, kwa maana mkono uleule huwa tofauti kabla na baada ya dozi. Asiache dawa kwa ajili ya kipimo ila kwa maelekezo ya daktari. Ana haki ya kuuliza kinachorekodiwa, na haki ya kukataa bila kupoteza huduma.

Na mapigo kumi ya vidole, mbele ya tabibu anayetazama kwa makini, hayahitaji chombo chochote. Mpwa aliyemleta mjomba wake asingoje mashine ifike mlimani.