Godoro la Sufi la Kulalia Dunguni

Katika bonde la mto Rufiji na katika delta yake, wakulima hupanda mpunga katika nchi tambarare zinazoloweshwa na maji. Mpunga ukianza kuzaa, adui zake ni wengi: mchana huja ndege, na usiku huja nguruwe na viboko. Kwa sababu hiyo hujengwa dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, na sakafu yake ni fito zilizopangwa. Humo mlinzi hafikiwi na maji, naye huliona shamba lote.

Lakini dungu lina kasoro moja. Mpunga huvunwa karibu na miezi ya Juni na Julai, wakati wa baridi na wa upepo wa kusi. Upepo hupita chini ya dungu na kupenya katika nafasi za fito. Mlinzi hujifunika shuka mbili au tatu, na bado hutetemeka, kwa kuwa baridi yamjia kutoka chini. Asipopata usingizi wakati mwenzake yu macho, zamu yake ikifika atasinzia. Na usiku mmoja wa kusinzia watosha nguruwe kuharibu kazi ya miezi mingi.

Kwa nini shuka hazimfai? Mtazame kuku alfajiri ya baridi. Hujitutumua mpaka huonekana mnene kuliko alivyo, na kati ya manyoya yake hewa hutulia. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Ndiyo inayomlinda kuku, wala si manyoya peke yake. Basi shuka iliyolaliwa hugandamizwa na uzito wa mwili, hewa ikatoka, na joto likatoka pia. Watu wa nchi za baridi walalao katika machela zilizotundikwa mitini wanalijua jambo hili. Chini ya machela hutundika mfarishi mnene uliojazwa manyoya laini ya bata, usiguswe na uzito wa mwili, ili hewa yake isitoke.

Mkulima wa Rufiji hana haja ya kutafuta manyoya ya bata, maana pwani iko misufi. Wakati wa kiangazi matunda yake marefu hukauka na kupasuka, na ndani huonekana sufi nyeupe. Kila uzi wa sufi ni kama bomba dogo sana lililojaa hewa, na juu una utando wa nta, hata maji hayaingii upesi. Kwa ajili hiyo zamani sufi ilitiwa katika fulana za kuokolea watu baharini. Mwaka 1942, katika vita kuu ya pili, Wajapani waliiteka Java, kisiwa kilichotoa sufi nyingi sana. Marekani ikapungukiwa, hata mwaka 1944 watoto wa shule huko walitumwa kukusanya matunda ya gugu lenye nyuzi laini, ili zitumike badala ya sufi.

Sasa tuone godoro linavyoshonwa. Kitambaa kiwe kimefumwa kwa kukazana, kama marekani nzito, la sivyo sufi itapenya na kutoka. Watu wa delta waweza kukinunua madukani Kibiti, na kukichukua mpaka Nyamisati wapandapo mashua. Kwa godoro la futi 6 kwa futi 2½, hukatwa vipande 2, kila kimoja inchi 73 kwa inchi 31. Ile inchi iliyozidi ni ya mishono. Kisha hukatwa kanda za upana wa inchi 4: nne za ndani, na nyingine za kuzunguka kando.

Kanda za ndani ndizo siri ya kazi hii. Mshonaji asiyejua huyashona mapande mawili pamoja katikati, ili sufi isihame. Lakini penye mshono hakuna sufi, na mstari huo huwa mlango wa baridi. Mshonaji ajuaye husimamisha kanda 4 juu ya kipande cha chini, kila moja mbali na mwenzake inchi 6, akazishona. Halafu kipande cha juu hushonwa juu ya kanda hizo, moja baada ya moja, kuanzia upande mmoja. Hivyo hupatikana vyumba 5 virefu, wala juu na chini havigusani. Mishono iwe mifupi, na uzi uvutwe sawasawa. Ukanda wa kando hushonwa pande tatu, na upande wa miguuni huachwa wazi.

Sufi hutiwa nyumbani siku isiyo na upepo, na mtiaji hujifunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi lake hukohoza. Kwanza huipigapiga kwa fimbo ndani ya kikapu mpaka mbegu zianguke chini. Kisha huigawa mafungu 5 yaliyo sawa, na kukisukumia kila chumba konzi moja moja kwa kijiti. Haba na haba hujaza kibaba. Chumba kikijaa, hukibonyeza kwa kiganja. Akihisi sakafu, sufi haitoshi. Mwisho upande wa miguuni hufungwa.

Dunguni hutandikwa mkeka wa ukindu kwanza, ndipo godoro. Lianikwe juani mara kwa mara, sufi ipate kutututumka tena. Tena koroboi na moto wa kufukuzia mbu viwe mbali nalo, maana sufi huwaka kwa ghafula, na ngazi ya dungu ni moja tu.

Sufi hupatikana kiangazi, na baridi huja baada ya masika. Basi godoro hushonwa kabla ya haja yake, mavuno yakifika mlinzi awe na mahali pa kupumzikia.

MASWALI
1. Kwa nini mlinzi aliyejifunika shuka tatu bado huona baridi?
2. Kanda za ndani zina kazi gani?
3. Utajuaje kwamba chumba cha godoro kimejaa?
4. Taja hatari moja ya sufi, na njia ya kuiepuka.