Goti Likigonga Usukani

Msomaji wetu anayeishi Ohio, Marekani, ametuandikia kuhusu Ford Mustang ya mwaka 1966 aliyoinunua kwa akiba ya miaka mingi. Injini inanguruma vizuri na rangi inang'aa, ila mwenyewe ana urefu wa sentimita 196. Kila anapohamisha mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, goti la kulia linagonga usukani. Anauliza: akate sakafu, abadilishe usukani, au auze gari?

Asiuze. Na asikate chochote kwanza, kwa sababu jawabu lake limo katika hesabu ya mguu wa binadamu, na hesabu hiyo ni tamu kuliko mngurumo wa injini yoyote.

Historia ya magari haya naipita mbio. Mustang ilizinduliwa Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, ikitumia vipuri vingi vya Ford Falcon, gari dogo la familia. Kama inastahili kuitwa gari la misuli au la, ubishi huo nawaachia wenyewe. Mimi nina shida na kiti. Kiti cha mbele cha miaka ile husogea mbele na nyuma tu, juu ya reli fupi. Mgongo wake haulali. Hukunjwa kwenda mbele ili abiria wa nyuma apite, basi. Usukani nao haubanduki mahali pake. General Motors walikuwa wameshaanza kuuza usukani wa kuinamishwa mwaka 1963, na Ford wenyewe waliitia Thunderbird ya 1961 usukani wa kusogezwa pembeni dereva anaposhuka, lakini mwenye Mustang alisubiri hadi toleo la 1967.

Wabunifu hawakukisia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wahandisi wa magari Marekani walikuwa na mwanasesere mzito wa kupimia, ambaye akikalishwa kitini huonyesha mahali hasa paja linapoungana na kiwiliwili. Mahali hapo napaita nukta ya nyonga. Nilipendekezewa "kitovu cha mkao", nikakataa: kitovu kiko tumboni, na fundi akiambiwa apime kutoka kwenye kitovu atapima kutoka tumboni. Vipimo vikuu vya ndani ya gari huanzia kwenye nukta ya nyonga, viwe ni umbali wa pedali, kimo cha paa au nafasi ya goti. Tatizo ni nani waliyemlenga. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa Marekani wa 1960 hadi 1962 ulionyesha kuwa wanaume 95 kati ya 100 hawakuzidi sentimita 185 au karibu na hapo. Msomaji wetu amewapita kwa sentimita 11, na sehemu kubwa ya hizo iko miguuni.

Sasa tuje kwenye mguu wenyewe. Chora mstari kutoka nyonga hadi kisigino. Kwa kuwa kiti cha Mustang ni cha chini, mstari huo umelala karibu sambamba na sakafu. Juu yake paja na muundi vinasimamisha pembetatu, goti likiwa kileleni. Tuseme paja ni sentimita 50 na muundi 50, makadirio yasiyo mbali na ukweli kwa mtu wa kimo chake. Nyonga ikiwa sentimita 80 kutoka kisigino, kanuni ya Pythagoras inasema goti limeinuka sentimita 30 juu ya mstari. Rudisha kiti nyuma sentimita 5, ziwe 85: goti linashuka hadi 26.3. Rudisha 5 nyingine: 21.8. Tano nyingine tena: 15.6.

Zitazame hizo tofauti. Sentimita 5 za kwanza zimeshusha goti kwa 3.7, za pili kwa 4.5, za tatu kwa 6.2. Kila hatua ileile ya kurudi nyuma inalipa zaidi ya iliyotangulia. Ndiyo maana wenye magari haya hushangaa kwamba kusogeza kiti kidogo tu kumemaliza kero ambayo walidhani ingehitaji msumeno na gesi ya kuchomelea.

Mwenye baiskeli anaijua pembetatu hii tangu utotoni. Mtu mrefu akiazima baiskeli ya mdogo wake, magoti humpanda hadi karibu na kifua, yanagonga mikono ya usukani, na kilima kidogo tu kinamshusha. Fundi akilegeza nati, akavuta kiti juu kwa upana wa vidole vinne na kukaza, baiskeli ileile inakuwa nyepesi. Mnyororo na meno ya gia ni yaleyale. Kilichobadilika ni mguu, ambao sasa unasukuma ukiwa umenyooka zaidi. Fundi akizidisha, mpanda baiskeli anaanza kuyumbisha kiuno ili ncha ya kiatu ifike chini, na nguvu inapotea tena. Katika Mustang mambo ni hayohayo, ila pembetatu imelazwa chali: kuinua kiti cha baiskeli ndiko kurudisha nyuma kiti cha gari.

Wepesi huo unatoka wapi? Msuli wa paja haujui habari za breki. Unachofanya ni kulifungua goti kwa nguvu ya kuzungusha. Nguvu inayofika kwenye pedali ni nguvu hiyo ya kuzungusha ikigawanywa kwa kimo cha goti juu ya mstari. Kimo kikishuka kutoka 30 hadi 21.8, msuli uleule, kwa juhudi ileile, unaikanyaga breki kwa nguvu iliyoongezeka zaidi ya theluthi moja. Kwa gari lililotoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne, mara nyingi bila kifaa cha kuzisaidia, hiyo ni neema. Watafiti wa mkao wa kazi waliliona hili zamani: mguu husukuma kwa nguvu yake kubwa goti likiwa limefunguka karibu nyuzi 160, si nyuzi 90. Hatua moja inashusha goti na kuongeza breki, na sijui marekebisho mengine ya gari yanayolipa mara mbili hivi. Kipimo cha kukomea ni klachi: ikanyagwe hadi mwisho, na goti libaki limekunjika kidogo.

Kazi yenyewe si ndefu. Ukilala chini ya gari utaona vizibo vya mpira sakafuni. Vichomoe, na ndani yake ziko nati za kiti, nne kwa kila kiti. Kiti kikitoka, reli zinafungiwa vipande vya chuma kinene vyenye matundu mapya yaliyorudishwa nyuma, na kiti kinarudi juu yake. Bolti ziwe za daraja la 8, zile zenye mistari sita kichwani. Mkanda nao ukaguliwe upya, maana umefungwa sakafuni na kiti kimeuacha. Abiria wa nyuma atabanwa. Hiyo ndiyo bei.

Nyonga ikirudi, mabega yanarudi nayo, na usukani unakuwa mbali. Egemea mgongo sawasawa na unyooshe mkono: kifundo kikae juu ya duara la usukani bila bega kubanduka kitini. Kisipofika, tafuta usukani wenye kitovu kilichozama, ambao duara lake linamkaribia dereva. Kwa kuwa mhimili wake umeinama, duara hilo hupanda kidogo linapokuja, na goti linapata nafasi zaidi. Usukani wa inchi 14 badala ya 16 unainua ukingo wa chini kwa sentimita 2.5 nyingine, ila mikono italipa asilimia 14 ya nguvu zaidi wakati wa kuegesha.

Kinabaki kichwa. Mwaka 1967, Ford walipompeleka dereva Dan Gurney, mtu wa sentimita 193 hivi, kwenye mbio za Le Mans katika gari la GT40 Mark IV, waliliumua paa juu ya kofia yake likawa na nundu. Yeye na dereva mwenzake A.J. Foyt wakashinda. Msomaji wetu hahitaji nundu. Spesa za sentimita 2 chini ya bolti za mbele zinalaza kiti kwa nyuzi kama 3. Kichwa kinarudi nyuma sentimita 4 na kushuka 1. Sponji nyembamba iliyo ngumu itampa nyingine mbili au tatu. Lakini kiti cha 1966 hakina cha kuzuia kichwa; sheria ya Marekani ililazimisha hilo kuanzia Januari 1969. Kwa mtu wa urefu wake mgongo wa kiti unaishia mabegani, kwa hiyo mimi ningeweka kiti kirefu cha kisasa juu ya reli zilezile zilizorudishwa, hata kama wapenda uasilia watanuna.