Siku ya Wawili, Eldoret Hadi Kerio: Usiweke Pesa Yote Kwenye Simu Moja

Mijakaranda ikianza kuchanua Eldoret, hata mtu mwenye haraka husimama kidogo. Maua ya zambarau yanaanguka juu ya magari, kwenye lami, kwenye viti vya boda boda, na simu zinatoka mfukoni moja baada ya nyingine. Watu wa Japan nao wana msimu wao. Pale Tokyo, mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, maua ya mcheri, wanayoyaita sakura, yanachanua mji mzima. Watu wanatandika mikeka chini ya miti, wanakula, wanapiga picha na wapenzi wao. Wanafanya haraka kwa sababu maua yakishachanua kabisa, baada ya wiki moja hivi yameanza kuanguka.

Wakimbiaji wetu wanaijua Tokyo kwa miguu. Tarehe 6 Machi 2022 Eliud Kipchoge na Brigid Kosgei walishinda mbio za marathoni kule, mmoja kwa wanaume, mwingine kwa wanawake, wiki chache tu kabla ya maua. Wengine wetu tiketi ya ndege bado ni ndoto. Lakini mke na mume, au wachumba, wanaoishi Langas, Huruma, Kapsoya au popote hapa Sisibo, hawahitaji ndege ili wapate siku yao. Wakipanda matatu asubuhi, kilomita 30 na kitu, wako Iten, wamesimama kwenye ukingo wa dunia wakitazama Bonde la Kerio.

Tumeandika makala haya kwa ajili ya hao wawili. Mandhari tutaisifu, maana inastahili. Ila sisi kazi yetu ni pesa kwenye simu, na siku kama hii ina malipo madogo madogo mengi kuliko siku yoyote ya kawaida: nauli, chai, kiingilio, picha, chakula, boda, maembe ya kupelekea nyumbani. Kila moja lina mkono wake unaolipokea.

Tuanze na jioni kabla ya safari, kwa sababu pesa nyingi hupotelea hapo, watu wakiwa bado wamekaa kwenye kochi.

Mnataka kula chakula cha mchana hoteli yenye meza zinazotazama bonde. Mmoja anaingia Facebook, anapata ukurasa wenye picha nzuri, mawingu chini ya miguu, glasi mezani. Anaandika ujumbe. Anajibiwa upesi, kwa adabu: nafasi zimebaki mbili tu, tuma nusu ya malipo kwa namba hii tuwawekee meza. Namba ni ya simu ya kawaida, 07 na kuendelea.

Hapo simama. Inawezekana kabisa mwenye biashara ni mkweli; biashara nyingi ndogo Kenya hupokea pesa kwa namba ya mtu. Lakini picha yoyote ya Iten inaweza kuchukuliwa na mtu yeyote aliyeko popote. Tafuta namba ya hoteli mahali pengine, isiwe ile ya kwenye ukurasa huo, upige, usikie sauti. Uliza kama wana namba ya till au ya paybill. Ukiingiza namba ya till, kabla pesa haijatoka utaonyeshwa jina la biashara. Ukituma kwa namba ya mtu, utaonyeshwa jina la mtu. Kama umeambiwa unalipa hoteli na kwenye simu linatokea jina la mtu ambaye hakuna aliyekutajia, una sekunde chache za kufuta muamala, na hizo ndizo sekunde za bei zaidi katika safari nzima. Wengi wanabonyeza kukubali bila kusoma, wakidhani ni utaratibu tu wa simu.

Na kama hawataki kukupigia wala kukupa till, hamna haja ya kubishana. Iten haijaishiwa na meza. Mtafika, mtaangalia, mtalipa mkiwa mmeshakaa.

Jioni hiyo hiyo zungumzeni kuhusu pesa itakaa wapi. Tunajua hili ni jambo la nyumba za watu, na hatuingilii. Kwa wengi, mmoja ndiye "benki" ya siku: bajeti yote iko kwenye laini yake, mwenzake amebeba simu ya kupigia picha. Ni utaratibu mtamu mpaka simu ya benki inapozima. Tuseme mmepanga kutumia 6,000. Wekeni 3,500 kwenye laini moja, 2,500 kwenye ya pili, na noti chache za mia na mia mbili mfukoni. Mkiweza, laini ziwe za mitandao miwili tofauti, maana mahali mtandao mmoja unapokwama, mwingine wakati mwingine unashika.

Msipeane namba za siri kama suluhisho. Tunasikia sana, "mimi na mzee tunajuana PIN, hakuna shida." Upendo ni wenu. Lakini namba inayojulikana na wawili ikitajwa kwa sauti ndani ya matatu ili mwenzako alipe haraka, inajulikana na kumi na wanne. Kugawa pesa kunatatua jambo lile lile bila mtu kutoa siri yake.

Asubuhi bebeni sweta. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Iten juu zaidi, kama mita 2,400, na upepo wa pale hauulizi umevaa nini. Mkiingia mjini mtaona lango maarufu linalowakaribisha kwenye nyumba ya mabingwa, na hakika mtapishana na mabingwa wenyewe barabarani, maana mazoezi huanza kabla jogoo hajamaliza. Hapo ndipo ilipo shule ya St. Patrick's, ambako Brother Colm O'Connell kutoka Ireland alikuja kufundisha mwaka 1976 na baadaye akawa kocha wa David Rudisha, yule aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012. Kupita langoni ni bure.

Picha nazo ni za bure mkijipiga wenyewe. Akitokea kijana mwenye kamera, kubalianeni bei na idadi ya picha kabla hajabonyeza, na mlipe mkishaziona. Bei inayotajwa baada ya picha huwa na tabia ya kukua.

Ukingo wenyewe hauhitaji maneno mengi. Ardhi inakatika tu. Chini, zaidi ya mita elfu moja, bonde limelala kahawia na kijani, na ng'ambo yake vilima vya Tugen vya Baringo. Miezi ya ukavu mtaona watu wakiruka na parachuti za rangi, wakielea kama tai. Kaeni. Kunyweni chai. Kama kuna mursik, mwagizie mwenzako ambaye hajawahi, mtazame uso wake.

Wengi hurudi kutoka hapo. Wenye nguvu wanashuka: barabara ya Kabarnet inapinda na kupinda kupitia Tambach, joto linapanda kila kona, sweta zinavuliwa, mpaka mnafika daraja la Cheploch, ambapo mto Kerio umejipenyeza kwenye korongo jembamba la mawe. Vijana wa pale wanaruka kutoka juu ya miamba hadi majini, na mto huo una mamba. Ni mchezo wao na ni kazi yao, wanategemea watazamaji. Wape kitu. Na hapa ndipo zile noti mfukoni zinapofaa kuliko simu: hakuna anayetaka kusubiri ujumbe akiwa amelowa. Ukiamua kutuma, kwa M-Pesa kutuma shilingi 100 kwenda chini hakuna ada, ila hakikisha jina kwanza kama kawaida.

Sasa, bonde. Mtandao huko unakuja na kuondoka. Simu inayotafuta mtandao muda wote inakula betri haraka, na nyinyi mmepiga picha tangu asubuhi. Saa nane mchana ndipo simu ya "benki" inapobakiza asilimia nne. Kama mlisikiliza ile habari ya laini mbili, mnacheka tu. Kama hamkusikiliza, pesa ipo, salama kabisa, na haiwezi kununua hata maji.

Kitu cha pili cha bonde ni hiki, na tunaomba ukisome polepole. Umekula, umeingiza till, kiasi, namba ya siri. Skrini inakaa kimya. Ujumbe hauji. Muuzaji anaangalia simu yake: "Haijaingia." Mwenzako anasema, "Rudia basi." Usirudie. Ujumbe kuchelewa si ushahidi kwamba pesa haijatoka. Mara nyingi imeshatoka na ni ujumbe tu uliokwama. Sogea mahali penye mtandao, uangalie salio lako. Salio likiwa limepungua, pesa imetoka. Subirini ujumbe pamoja, na muuzaji mwenye akili atasubiri. Salio likiwa lile lile, subiri kidogo, liangalie tena, ndipo ulipe. Huhitaji bundles kwa haya yote: menyu ya laini na zile namba za nyota zinafanya kazi hata kwenye kabambe, mradi kuna mtandao wa kupiga simu.

Mkiwa mmeshalipa mara mbili, msiondoke mezani. Onyesha meseji zote mbili, mwombe mwenye biashara akurudishie hapo hapo wakati mnatazamana. Pesa uliyotuma kwa mtu asiye sahihi ina njia nyingine: kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja, kwa mitandao mingine, piga huduma kwa wateja. Fanya mapema, maana mpokeaji akishaitoa au kuitumia, kuirudisha kunakuwa kugumu sana. Kumpigia ukimtukana hakusaidii. Tumeona kunaharakisha tu safari yake kwa ajenti.

Kinyume chake pia kipo. Mko barabarani mnapanda kurudi, simu inalia: "Nimekutumia 2,500 kimakosa, ni ya hospitali, tafadhali nirudishie." Na kweli kuna meseji. Iangalie imetoka kwa nani. Ujumbe wa kweli unakuja kwa jina la huduma, siyo kwa namba ya simu ya mtu, na salio lako litakuwa limeongezeka. Usimtumie chochote kwa mkono wako mwenyewe hata kama salio limeongezeka. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia mtandao wake, nawe hutaigusa. Kama ni mkweli, njia hiyo inamfaa. Kama ni tapeli, atakata simu.

Wenye siku ndefu huongeza Hifadhi ya Rimoi, yenye ndovu, huko huko bondeni. Ulizeni njia ya kulipa kiingilio kabla ya kufika, na mlipe kwa namba rasmi tu. Mbuga za KWS hulipiwa kupitia eCitizen, ambayo paybill yake ni 222222. Mtu akisimama getini na kusema umtumie yeye ili "akusaidie haraka", hiyo pesa haiendi kwa ndovu.

Njiani, maembe na asali. Kerio ina maembe matamu, hilo Eldoret nzima inakubali. Mama anayeuza kando ya barabara huenda ana till imeandikwa kwenye kadibodi, huenda ana namba yake tu. Soma jina, muulize, "Wewe ndiye fulani?" Akicheka na kusema ni la binti yake, ni sawa, umeuliza na umejibiwa. Ajabu ni kwamba mgeni anayefika Japan anakuta nchi ya treni za kasi ambako bado kuna vibanda vinavyotaka noti na sarafu, na hapa ndoo ya maembe inalipwa kwa simu kwenye kona ya Tambach.

Jambo la mwisho kabla hamjapanda gari la kurudi: tengeni nauli mapema, kwenye simu ambayo bado ina moto, na msiiguse. Jioni za Jumapili magari ya Iten kwenda Eldoret hujaa, na makanga akishaona watu ni wengi hana subira na mtu anayetafuta mtandao. Wengine hapo ndipo wanapochukua mkopo wa haraka wa kwenye simu ili wafike nyumbani. Upo, unasaidia, lakini una gharama inayohesabiwa siku kwa siku, na Jumatatu mshahara au mauzo ya kwanza yakiingia, unakatwa kabla hujagusa shilingi.

Mkifika nyumbani, kabla ya kulala, pitieni meseji za malipo za siku nzima pamoja, simu mbili mezani, maembe katikati. Ni dakika tano. Mkiona muamala ambao hakuna kati yenu anayeukumbuka, pigeni huduma kwa wateja usiku huo huo, msingoje asubuhi.