Mwalimu wa walimu huketi dawati la nyuma

Mvua ya Rungwe ikipiga bati, somo husimama. Siku moja ya mvua kama hiyo, nikiwa mwalimu mgeni, mkaguzi aliingia darasani, akapekua andalio la somo, akaandika, akaondoka. Kosa langu nililijua barua ilipofika.

Siku hizi mkaguzi anaitwa mthibiti ubora wa shule. Jina limelainika, lakini walimu vijana bado hushtuka pikipiki ngeni ikiingia uwanjani.

Ninayemsifu leo ni mwingine: mwalimu mkongwe anayewafunda wenzake. Yeye huketi dawati la nyuma, magoti yakigusa meza, na macho yake hayamwandami mwalimu bali watoto. Kule Kilolo mkoani Iringa au Busokelo wilayani Rungwe, ambako Kiswahili hukutana na Kihehe au Kinyakyusa, r na l huwachanganya wengi darasa la kwanza. Mkongwe hatamkatiza mwenzake. Husubiri chai ya saa nne, ndipo aulize: yule wa dirishani umemwita mara ngapi? Swali hilo moja humkaa mwalimu kuliko kurasa kumi za ripoti.

Vyuo tunavyo. Iringa ina Kleruu na Mkwawa, iliyogeuka chuo kikuu kishiriki mwaka 2005. Rungwe ina Tukuyu. Lakini chuo hukupa cheti, na darasa la watoto tisini utajifunzia humohumo.

Ndiyo maana ya MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini: walimu wa shule moja hukaa katika jumuiya ya ujifunzaji, hutaja kinachowashinda, kisha hujaribu dawa darasani. Iringa ilikwisha kuonja msaada wa namna hiyo kupitia Tusome Pamoja, mradi wa stadi za kusoma kwa madarasa ya chini ulioanza 2016. Lakini semina za mjini (tuseme ukweli) wengi tulizifuata kwa posho.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na mwalimu aliyefundisha kwa mazoea ya miaka ishirini hawezi kuugeukia peke yake. Anahitaji mwenzake wa dawati la nyuma. Walimu wakuu, wekeni kikao cha jumuiya ya ujifunzaji kwenye ratiba ya wiki. Msikibanie dakika za mwisho za Ijumaa, watu wakiwahi gari la Mafinga.